Dini, Sheria na Mazoea Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kwenye meza moja ya msaada wa kisheria hapa Mbeya, yenye kiti kimoja cha mgeni na benchi nje kwa wanaosubiri. Waulizaji wengi wanatoka mjini, Mbalizi, Rungwe na Mbozi, na wachache hupanda basi kutoka Iringa na Makete. Tumeyaandika kama yanavyoulizwa, hata yale yenye hasira. Utaona jambo moja linajirudia: watu wengi hugombana wakidhani wanagombania sheria, kumbe ni mazoea. Pale tulipoweza, tumesema kipi ni kipi. Kesi yako ikishafika mahakamani, tafuta wakili. Ukurasa huu hautoshi.

## Mambo ya msingi

1. Katiba inasema nchi yetu haina dini. Maana yake Serikali inampinga Mungu?

Hapana. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Isiyo na dini ni nchi, yaani Dola yenyewe. Watu wake wanazo dini zao. Serikali haina kanisa lake wala msikiti wake, na haiwezi kukupa au kukunyima kitu kwa sababu ya unapoabudu.

Hata hivyo usitegemee kuona ukuta kama wa Ufaransa, ambako tangu sheria ya 1905 Serikali na dini vimetenganishwa kwa ukali. Sisi Bunge linafungua kikao kwa dua, Idi na Krismasi ni sikukuu za kitaifa, na wimbo wa taifa wenyewe ni sala tangu neno la kwanza. Nchi isiyo na dini inayoimba “Mungu ibariki” kila asubuhi shuleni: wageni hushangaa, sisi tumeshazoea.

2. Ibara ya 19 inanipa nini hasa?

Inakupa vitu vitatu, na watu wengi wanakijua kimoja tu. Kwanza, kuamini utakacho, pamoja na *kubadili* dini au imani. Pili, kutangaza dini, kuabudu na kueneza dini ni kazi huru na hiari ya mtu binafsi. Tatu, uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na lina kazi kubwa kwenye swali la 8 na la 19.

Ibara ya 13 inaongeza kwamba kukubagua kwa ajili ya dini ni marufuku, na ibara ya 20 inazuia chama cha siasa kujengwa juu ya dini. Haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na tangu 1988 unaweza kuzidai mahakamani.

3. Je, uhuru huo una mpaka?

Unao. Ibara ya 19 yenyewe inakubali sheria zinazolinda usalama, amani, maadili na umoja wa taifa, na ibara ya 30 inasema haki ya mmoja isivunje haki ya mwingine. Lakini mpaka lazima uwe umewekwa na *sheria*. “Mwenyekiti amekataza” si sheria. “Hapa kwetu haijawahi kutokea” nayo si sheria.

4. Nikivuka Tunduma kuingia Zambia, ambayo ni taifa la Kikristo, haki zangu zinabadilika?

Swali hili huletwa na wafanyabiashara, hasa Waislamu wanaolala Nakonde wakisubiri mzigo. Zambia ilitangazwa taifa la Kikristo na Rais Frederick Chiluba Desemba 1991, na mwaka 1996 tamko hilo likaingia kwenye utangulizi wa Katiba yao. Lakini Katiba hiyohiyo inalinda uhuru wa dhamiri na dini kwa kila mtu, na kwa bahati ya kupendeza, nako ni ibara ya 19. Kwa hiyo unaswali, unafunga, unafungua duka lako. Tofauti utaiona zaidi kwenye hotuba za wanasiasa kuliko kwenye haki zako.

Kenya nao hawana dini ya taifa, ila Katiba yao ya 2010 imeziweka mahakama za Kadhi ndani ya mfumo wa mahakama. Kwetu hilo lipo Zanzibar tu. Tazama swali la 15.

5. Mbona polisi na karani wa mahakama wananiuliza dini, wakati sensa haiulizi?

Sensa haijauliza dini tangu ile ya 1967. Ndiyo maana mtu akikuambia asilimia fulani ya Watanzania ni Wakristo au Waislamu, muulize aliwahesabu lini.

Mahakamani unaulizwa kwa ajili ya kiapo. Mkristo huapa, Mwislamu huthibitisha, na kumbukumbu za shauri huandikwa hivyohivyo. Si kipimo cha ukweli wako. Asiye na dini asome swali la 21.

## Mtaani na kijijini

6. Nani anaruhusiwa kuchinja ng'ombe wa bucha? Sheria inasemaje?

Hili ndilo swali lililotutoa jasho kuliko yote, kwa hiyo tuvumilie urefu.

Nenda machinjioni alfajiri, ukungu bado umekaa. Ng'ombe analazwa, mchinjaji anasema Bismillahi, kisu kinapita mara moja. Baadaye anakuja afisa mifugo na koti lake jeupe: anapasua matezi, anageuza ini, anatazama mapafu, kisha anagonga mhuri wa wino wa zambarau kwenye paja. Mambo mawili yamefanyika hapo. La afisa mifugo ni sheria. La mchinjaji ni mazoea.

Katiba haisemi nani achinje. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006 imejengwa juu ya afya na ubora: mnyama mzima, sehemu inayokubalika, ukaguzi, usafi. Desturi ya Mwislamu kuchinja nyama ya biashara ilikua kwa sababu ya maana kabisa: Mwislamu hawezi kula asichochinjiwa kwa taratibu yake, na Wakristo wengi hawaoni shida kula kilichochinjwa na Mwislamu. Bucha moja, wateja wote. Bibi zetu waliliona jambo hilo kuwa la ujirani, na hakuna aliyefungua Katiba kulihalalisha.

Likaja kuvunjika. Mwaka 2013 Buseresere, mkoani Geita, mgogoro wa kuchinja ulisababisha mchungaji kuuawa. Aprili mwaka huohuo Tunduma, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Mbeya, ikaingia kwenye vurugu kwa jambo hilohilo. Walioishi pale wanakumbuka maduka yaliyofungwa na polisi barabarani. Hoja ya Wakristo waliolalamika ilikuwa kwamba nchi isiyo na dini haiwezi kuwapa watu wa dini moja kazi ya umma. Hoja ya Waislamu ilikuwa kwamba ukiondoa desturi hiyo kimyakimya utawalisha wasichokijua. Zote mbili ni hoja za ibara ya 19, na ndiyo maana hazikuisha kwa kupigiana kelele. Serikali wakati ule ilisimamia desturi iendelee kwa nyama inayouzwa kwa wote.

Kwa mtazamo wetu, jibu la kisheria ni hili: Mkristo anayechinja wake nyumbani, au kwa sherehe ya kanisa, hana kosa la dini, afuate afya na ukaguzi. Bucha inayouzia wote isimdanganye mteja. Ukichinja kwa namna nyingine, sema wazi. Wauza kitimoto (nyama ya nguruwe) walishalimaliza siku nyingi: banda lao mbali, kisu chao mbali, na hakuna anayeingia kwa bahati mbaya.

7. Mkesha wa maombi unaanza saa nne usiku mpaka alfajiri, spika zimeelekezwa dirishani kwangu. Nifanye nini? Na adhana je?

Uhuru wa kuabudu haujataja ukubwa wa spika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele za 2015 zinawahusu watu wa ibada sawasawa na wenye baa, na usiku viwango hushuka. Anza kwa kwenda mwenyewe, mchana, bila hasira. Nusu ya malalamiko tuliyopokea yaliisha mchungaji au imamu alipoombwa ageuze spika ielekee ndani. Ikishindikana nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya kanda ya NEMC (chombo cha Serikali cha kusimamia mazingira), iliyopo hapa Mbeya.

Adhana ni dakika chache, mkesha ni usiku kucha. Sheria inapima sauti na muda, haipimi dini. Mtu anayelalamikia adhana ya dakika tatu huku jirani yake anapiga muziki wa baa mpaka saa tisa, tunamuuliza vizuri tu kinachomuuma ni nini.

8. Serikali ya kijiji imepanga kila kaya itoe mchango wa kujenga kanisa. Mimi si wa dhehebu hilo. Nikikataa nanyimwa huduma.

Huyu alitoka kijiji cha milimani, upande wa Makete. Alikuja na daftari la michango: safu ya majina, debe la viazi au fedha, na mbele ya jina lake kalamu nyekundu. Alikwenda kuomba barua ya mwanawe ya kujiunga na chuo, akaambiwa “kwanza maliza deni.”

Jibu ni fupi. Dini ni hiari, na uendeshaji wake uko nje ya mamlaka ya nchi (swali la 2). Ibara ya 138 inasema hakuna kodi bila sheria. Serikali ya kijiji ni mamlaka ya nchi. Haiwezi kukusanya mchango wa kanisa wala wa msikiti, na haiwezi kuzuia barua kwa sababu hiyo. Kanisa lenyewe likiomba waumini wake, hilo ni lao. Andika barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa mzee yule barua moja ilitosha. Barua ya mtoto ilitoka siku ya tatu.

Usichanganye na mchango wa darasa, zahanati au barabara uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Huo hauna dini ndani yake.

9. Mhubiri wa mkutano wa nje alisema dini yangu ni uongo. Ni kosa la jinai?

Kusikia kwamba dini yako ni uongo kunauma, lakini peke yake si kosa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inaadhibu maneno yanayosemwa *kwa kusudi* la kuumiza hisia za kidini. Mtu mmoja alitiwa hatiani Morogoro kwa kifungu hicho baada ya kukana uungu wa Yesu kwenye mhadhara, akahukumiwa miezi 18. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 53 ya 2001, ilifuta hatia hiyo. Kutangaza unachokiamini, hata kama kinapingana na anachoamini jirani, ndicho Katiba inachokilinda.

Kosa huanza pale unapochafua au kuharibu nyumba ya ibada au kitu kitakatifu, unapovuruga ibada inayoendelea, au unapoingia makaburini kukejeli. Mkutano wa nje una taratibu zake pia: toa taarifa polisi mapema na mweleze mwenyekiti wa mtaa. Ukipanga jukwaa lako mita chache kutoka jukwaa la wenzako makusudi, usishangae OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) akikuhamisha.

10. Tunasali sebuleni kwangu, sasa tumefika watu arobaini. Tunahitaji usajili?

Sala ya familia haina usajili. Lakini mkiwa na jina, viongozi, sadaka na mpango wa kudumu, ninyi ni jumuiya, na mnasajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkitaka kumiliki kiwanja, mnahitaji pia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Msiandike kiwanja kwa jina la mchungaji “kwa muda”. Tumeona ule muda ukigeuka urithi wa watoto wake.

Msajili anaweza pia kufuta usajili. Juni 2025 kanisa moja kubwa la Dar es Salaam lilifutiwa kwa madai ya kuchanganya mahubiri na siasa, na mpaka leo wanasheria wanabishana mstari uko wapi kati ya mamlaka ya Msajili na ule ulinzi wa tatu wa ibara ya 19. Mimi naona mstari huo umechorwa kwa penseli.

## Shule na hospitali

11. Mwanangu ni Mwislamu, amepata nafasi shule ya misheni. Wanaweza kumlazimisha kuhudhuria ibada?

Kwenye shule ya Serikali jibu ni hapana moja kwa moja. Kipindi cha dini kila mmoja huenda kwa mwalimu wa dini yake, na msichana anavaa hijabu juu ya sare. Kwenye shule binafsi ya dini kuna makubaliano ya hiari: umesoma fomu ya kujiunga, umesaini. Tofautisha kukaa kwenye mkusanyiko wa asubuhi unaofunguliwa kwa sala na kumfundisha mtoto kipaimara bila idhini yako. La pili lipinge kwa maandishi. Bora zaidi, uliza *kabla* ya kulipa ada: Ijumaa ataswali wapi? Ramadhani atakula saa ngapi? Shule nyingi za Iringa na Rungwe zimeshaulizwa hayo mara mia na zina majibu tayari.

12. Mtoto amekataa kuimba wimbo wa taifa kwa sababu ya imani. Shule inaweza kumfukuza?

Tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani ililijibu hili. Wanafunzi 127, Mashahidi wa Yehova, walikuwa wameadhibiwa kwa kutoimba: watano walifukuzwa, 122 wakasimamishwa masomo. Mahakama iliwapa haki. Wanafunzi hao hawakufanya fujo wala dharau, walisimama kimya. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayesoma hapa: anayesimama kwa heshima bila kuimba, mwache. Anayezomea, hiyo ni nidhamu, na haina uhusiano na dini.

13. Hospitali yetu ya wilaya ni ya kanisa. Je, wasio Wakristo wana haki sawa pale?

Sawa kabisa. Hospitali kama Tosamaganga, Iringa, na Ilembula, Njombe, zilijengwa na misheni enzi ambazo hakukuwa na nyingine. Februari 1992 Serikali na makanisa walitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya, na hospitali teule hupata fedha na watumishi wa Serikali. Waislamu wengi wamelalamika kwamba hati hiyo inawapendelea wakubwa wa zamani. Ni mjadala halali, na haujafungwa. Lakini mlangoni mwa wodi hoja hiyo haina nafasi: fedha ya umma ikishaingia, mgonjwa haulizwi anasali wapi. Kasisi au shehe akija kitandani kuomba, una ruhusa ya kusema “asante, leo hapana.”

## Ndoa, talaka na msiba

14. Mimi Mkristo, mchumba wangu Mwislamu, na hakuna anayetaka kubadili. Tunaweza kufunga ndoa?

Ndiyo, na mwenye mamlaka ya kuwafungisha yuko ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali. Ya kiserikali inatangazwa siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mtasema pia kama ni ya mke mmoja au inaruhusu zaidi. Msikubali karani ajaze kabla hajauliza.

Wapo wanaobadili dini wiki moja kabla ya harusi ili wazee wanyamaze. Ni haki yao. Ila mwenye kubadili kwa ajili ya harusi huacha swali ambalo watu watalijibu kwenye msiba wake (swali la 17).

15. Mume wangu amenipa talaka tatu kwa ujumbe wa simu. Nimeachika?

Kidini, waulize wanazuoni wako. Kisheria, bado. Tanzania Bara talaka inatambuliwa ikipita mahakamani, na kabla ya hapo mgogoro lazima upite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza hilo linaweza kuwa la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au la kanisa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ambayo wengi wanaiita Fomu Namba 3. Kwa ndoa ya Kiislamu, baraza likishathibitisha kushindwa na talaka ikatolewa, mahakama huitambua na kutoa amri.

Kadhi wa BAKWATA huku Bara hana mamlaka ya hakimu. Anashauri na kusuluhisha. Mgawanyo wa mali na matunzo ya watoto ni vya mahakama, na simu uliyotumiwa ujumbe, itunze.

16. Tulifunga kanisani. Anaweza kuoa mke wa pili kimila?

Hawezi. Ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Mahari aliyopeleka Kyela kwa “mke mdogo” haibadilishi hilo.

Wanaotuuliza kuhusu kumwoza binti wa miaka 15 “kwa sababu dini inaruhusu”: Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, katika shauri la Rebeca Gyumi, zilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu hilo vinakiuka Katiba. Dini haikuwa ngao.

17. Marehemu alibadili dini. Nani ana haki ya kumzika?

Maiti haimilikiwi kama shamba. Mahakama ikifikishiwa hutazama marehemu aliishije, alisema nini, na jamaa wake wa karibu ni nani. Lakini wakati shauri linasubiri jaji, mwili uko chumba cha baridi na watu wanakula msibani kwa mkopo.

Nilikaa kwenye msiba mmoja upande wa Uyole. Mzee alikulia Moravian, akasilimu alipooa. Mjane alitoa cheti cha kusilimu, amekikunja ndani ya khanga. Kaka wa marehemu naye akatoa kadi ya kwaya ya kina baba, ina mihuri ya ada. Kila upande ukaona umeshinda. Mwenyekiti wa mtaa, mama mtulivu anayeuza ndizi Mwanjelwa, akaomba vyote viwili, akavaa miwani, akasoma tarehe tu. Ada ya mwisho ya kwaya ililipwa miaka minne *kabla* ya cheti. “Shemeji,” akamwambia kaka mtu, “hii kadi ni ya kweli, ila ni ya zamani.” Yule kaka akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama kwaya inaruhusiwa kuimba hata wimbo mmoja. Shehe akasema nje ya uzio, baada ya swala ya jeneza, yeye hana neno. Wakaimba wimbo mmoja, kwa Kinyakyusa, mwili ukiwa umeshatangulia.

Ushauri wetu: aliyebadili dini aandike, ashuhudiwe, na awaambie *ndugu zake*, si mkewe peke yake.

18. Na mirathi inafuata dini gani?

Namna marehemu alivyoishi na nia aliyoonyesha, ndiyo vipimo. Aliyeishi Kiislamu, sheria ya Kiislamu. Aliyeishi kimila, mila. Jina la Kiarabu au la ubatizo halitoshi. Wosia huondoa nusu ya ugomvi, na huku kwetu wosia bado unaonekana kama kujitakia kifo.

## Pembezoni

19. Kanisa letu limegawanyika. Sisi ndio tulibeba matofali. Jengo ni la nani?

La bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Wanaojitenga huondoka na imani yao. Jengo, gari na ala za muziki hubaki kwa jina lililoko kwenye hati. Mahakama hazipendi kuamua nani ana mafundisho sahihi, na ibara ya 19 inazipa sababu ya kutopenda. Zitasoma katiba ya kanisa: mkutano uliitishwa kihalali? Akidi ilitimia? Kwa hiyo someni katiba yenu kabla ya kugombania funguo.

20. Matambiko yetu nayo yanalindwa? Na lambalamba je?

Uhuru wa imani haukuandikwa kwa vitabu viwili tu. Ukoo unaotambika kwenye kaburi la babu Kalenga, au wazee wa Kisafwa wanaoliheshimu Ziwa Ngozi, wanalindwa kama mtu wa kanisani. Msitu ukiwa hifadhi, taratibu za kuingia zinawahusu nao, na maafisa wengi wa misitu wakiombwa kwa adabu hawana ubishi.

Lambalamba ni jambo lingine. Anaingia kijijini, anachanga fedha kwa kila kaya, anafukua vitu uani na kumtaja bibi fulani kuwa mchawi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya *anayemtaja* mtu kuwa mchawi kuwa mkosaji, na mwenyekiti aliyemwalika ameshiriki. Mbozi na Momba wanakuja kutuuliza “tufanyeje, kijiji kizima kimekubali?” Kijiji kizima hakiwezi kupiga kura ya kumvunjia mtu nyumba. Piga simu polisi kabla ya usiku.

Hivyohivyo kwa mzazi anayemzuilia mtoto tiba au shule kwa sababu ya imani. Wewe mtu mzima unaweza kukataa dawa. Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi yake, na ustawi wa jamii wanaweza kuingilia.

21. Haki yangu imevunjwa, na mimi sina dini yoyote. Naanzia wapi?

Bure kabisa: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kwa shauri la kikatiba, ibara ya 30 inakupeleka Mahakama Kuu, na Mbeya na Iringa zote zina kanda zake. Shauri husikilizwa na majaji watatu, na marekebisho ya 2020 yalitaka uonyeshe kwa kiapo jinsi *wewe mwenyewe* ulivyoathirika. Beba barua zote, hata zile za matusi.

Kutokuwa na dini hakukupunguzii haki. Utathibitisha badala ya kuapa, na maneno yako yana uzito uleule. Karani akifika kwenye kisanduku cha dini atakutazama juu ya miwani na kuuliza mara ya pili. Mwambie aandike “hana.” Ataandika.